Kiungulia sugu: saa ya kumeza dawa na saa ya kula vina uzito kuliko orodha ya vyakula vilivyokatazwa

Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Ndugu zangu, naanzisha uzi huu kwa ajili ya wale wanaoishi na kiungulia kisichoisha: moto unaopanda kutoka chini ya chembe ya moyo hadi kooni, maji machungu yanayofika mdomoni mtu anapoinama au anapolala, kikohozi cha usiku ambacho dawa za kifua hazikiponyi, na sauti inayokwaruza kila asubuhi. Mimi si daktari. Ni mgonjwa niliyepimwa kwa endoskopi (kamera ndogo inayopitishwa kooni kuangalia ndani hadi tumboni), ninayetumia dawa kwa usimamizi wa hospitali, na niliyesoma kwa bidii juu ya ugonjwa huu kwa sababu unanihusu kila ninapokula na kila ninapolala. Ninalotaka kulisema ni moja, na nitalitetea katika uzi mzima: kwa wengi wetu, saa ya kumeza dawa na saa ya kula mlo wa mwisho huamua usiku utakuwaje kuliko ile orodha ndefu ya vyakula vilivyokatazwa ambayo kila mtu anaisambaza.

Kwanza tutenganishe magonjwa mawili ambayo huku kwetu hupewa jina moja. Mtu akisema tumbo linawaka, jirani humwambia ana vidonda vya tumbo, dukani hupewa dawa za vidonda vya tumbo, na tangu siku hiyo hujitambulisha kuwa mgonjwa wa vidonda hata kama hajawahi kupimwa. Kidonda cha tumbo ni jeraha halisi kwenye ukuta wa tumbo au wa mwanzo wa utumbo mdogo, na visababishi vyake vikuu ni viwili: bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Waaustralia Barry Marshall na Robin Warren ndio waliomtambua bakteria huyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe kimiminika chenye bakteria hao ili kuonyesha kwamba huleta uvimbe wa tumbo, na mwaka 2005 wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Kwa kazi yao, vidonda vilivyokuwa vikimsumbua mtu maisha yake yote vikaanza kutibiwa kwa antibiotiki.

Kiungulia sugu kina asili nyingine. Mwisho wa umio, yaani mrija unaopitisha chakula kutoka kooni, pale unapoingia tumboni, kuna msuli wa mviringo unaofunguka chakula kinapopita na kufunga baada ya hapo. Msuli huo ukilegea wakati usiofaa, au sehemu ya juu ya tumbo ikiwa imechomoza na kupanda kifuani, tindikali hurudi juu. Tumbo lina utando mzito unaolikinga na tindikali yake lenyewe, lakini umio hauna kinga ya kiwango hicho, kwa hiyo huungua. Ndiyo maana mtu anaweza kumaliza dozi ya kuua bakteria, akapimwa tena akaonekana amepona, na bado akawaka usiku uleule. Dawa haikuwa bandia; ilitibu ugonjwa mmoja kati ya miwili.

Sasa dawa. Tunayoijua zaidi ni omeprazoli, iliyoanza kuuzwa mwaka 1988 na ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ndugu zake ni esomeprazoli, lansoprazoli, pantoprazoli na rabeprazoli. Jinsi dawa hizi zinavyofanya kazi ndiyo inayoeleza kwa nini saa ina uzito mkubwa hivi. Omeprazoli haiizimi tindikali ambayo tayari imemwagika tumboni. Hupita tumboni ikiwa imefunikwa kwa gamba, hunyonywa kwenye utumbo, huingia katika damu, na damu huifikisha kwenye seli zinazotengeneza tindikali. Huko huzifunga pampu ndogo zinazoisukuma tindikali nje, lakini hufunga zile tu zilizo kazini wakati huo, na pampu nyingi huingia kazini tunapokula, hasa mlo wa kwanza baada ya usiku mzima bila chakula. Dawa yenyewe haikawii katika damu: nusu yake huondoka kwa takriban saa moja, ingawa pampu zilizokwisha kufungwa hubaki zimefungwa kwa siku nzima na zaidi. Kwa hiyo inapaswa kuwa imeshafika kwenye damu pampu zinapoamka, na hii ndiyo maana ya maelekezo ya kumeza dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Anayeimeza akiwa ameshiba, au anayeimeza saa nne usiku anapopanda kitandani bila kula kitu tena, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, kisha husema dawa imeshindwa na kuomba kali zaidi.

Jambo la pili linalotokana na utaratibu huohuo ni kwamba kidonge kimoja hakitoshi. Nguvu kamili hupatikana baada ya siku kadhaa mfululizo, kwa sababu kila siku pampu nyingine zaidi hufungwa. Kumeza leo kwa kuwa umekula kitimoto, kisha kuacha hadi Jumamosi ijayo, si matumizi ya dawa hii. Kwa moto wa ghafla zipo dawa za kutuliza tindikali kama magnesiamu trisiliketi ya kutafuna, zipo zenye aljineti ambayo huunda rojo linaloelea juu ya chakula na kuzuia kisipande, na ipo famotidini, ambayo hupunguza tindikali kwa muda wa saa kadhaa. Ranitidini, ambayo wengi tuliizoea, iliondolewa sokoni nchini Marekani Aprili 2020 kwa ombi la mamlaka ya dawa ya huko kwa watengenezaji, baada ya kugundulika kwamba kemikali inayoshukiwa kuleta saratani huongezeka ndani yake kadiri inavyokaa.

Upande wa chakula, naomba tuanze na saa kabla ya sahani. Katika miji yetu mtu hutoka kazini jioni, hukaa kwenye foleni, hufika nyumbani saa mbili usiku, hula mlo mkubwa kuliko yote ya siku saa tatu, na saa nne amelala chali. Tumbo lililojaa linahitaji saa kadhaa kupunguza mzigo wake, na mtu akilala kabla ya hapo hakuna mteremko unaosaidia kukizuia kilichomo kisirudi. Ninashauri mlo mkubwa uhamie mchana, na jioni iwe sehemu ndogo, ikiwezekana saa kumi na mbili au saa moja, ili zipite saa tatu kabla ya kulala. Asiyeweza kufika nyumbani mapema na abebe chombo cha viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha ale kazini kabla ya kuondoka, kisha nyumbani anywe uji mwepesi akae na watoto. Inawezekana, ingawa inahitaji mazungumzo na wa nyumbani, maana kukataa sahani ya usiku huonekana kama kumkataa aliyepika.

Kitanda nacho ni tiba. Weka matofali au vipande vya mbao chini ya miguu miwili ya upande wa kichwa ili kitanda kiinuke sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hakufanyi kazi hiyo, kwa sababu hukunja mwili kiunoni na kulibana tumbo. Lala kwa ubavu wa kushoto, maana kwa ubavu huo tumbo hukaa chini ya mlango wa umio. Mwenye uzito mkubwa akipungua hata kwa kiasi, hasa kiunoni, hupata nafuu ambayo hakuna chakula cha kuacha kinachoweza kuifikia. Anayevuta sigara aache.

Baada ya hayo ndipo nizungumzie vyakula vyenyewe. Mafuta mengi hulegeza ule msuli na hukawiza chakula tumboni, kwa hiyo chipsi, sambusa, chapati za kujaa mafuta na supu nzito za asubuhi ziko mbele katika mashaka. Pilipili, ndimu, ukwaju na nyanya mbichi huchoma umio ambao tayari umejeruhiwa, hata pale ambapo havijaongeza tindikali. Soda na bia hujaza gesi na kufungua mlango kila mtu anapobeua. Pombe, kahawa, chokoleti na mnanaa huwasumbua wengi. Lakini wagonjwa hatufanani. Yupo anayekunywa chai ya rangi bila shida na akala chungwa moja akakesha, na yupo wa kinyume chake. Mtu aliyekatazwa maharage, nyanya, vitunguu, viungo, matunda, chai na maziwa kwa pamoja hubaki na sahani isiyo na ladha, huivumilia wiki mbili, kisha huacha yote, hata yale yaliyokuwa yakimsaidia. Ni bora kutoa kitu kimoja kwa wiki mbili, kuangalia, kisha kukirudisha na kuangalia tena. Ndizi mbivu, papai, tikiti maji, bamia, mchicha, samaki wa kuchemsha, wali na uji usiochachushwa huwafaa walio wengi. Maziwa hutuliza kwa dakika chache, kisha huliamsha tumbo kutoa tindikali zaidi; glasi ya maziwa kabla ya kulala si dawa.

Karibuni tuchangie, na mwenye utaalamu atusahihishe.

Mchangiaji, Mwanza

Shukrani, ndugu mwanzisha uzi. Naomba unisaidie jambo moja. Kila nikimaliza dozi ya omeprazoli ya mwezi mmoja, nakaa siku tatu au nne, kisha moto unarudi kwa nguvu kuliko ule niliokuwa nao kabla ya kuanza. Shemeji yangu ananiambia kwamba mwili umeshakuwa mtumwa wa dawa na kwamba nikiendelea nitaimeza hadi kufa. Je, ni kweli?

Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Ndugu yangu wa Mwanza, unachokiona ni cha kweli na kina maelezo. Tindikali inapozuiwa kwa wiki nyingi, mwili huongeza homoni inayoitwa gastrini ili kulihimiza tumbo, na seli zinazohusika huongezeka uwezo. Dawa ikiondolewa ghafla, seli hizo hutoa tindikali kupita kiwango cha awali kwa muda. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Denmark uliofanywa kwa watu 120 wenye afya, wasio na kiungulia kabisa. Nusu yao walipewa esomeprazoli kwa wiki 8, kisha wakapewa vidonge visivyo na dawa bila kujua. Wengine walipewa vidonge visivyo na dawa tangu mwanzo. Katika wiki 4 za mwisho, asilimia 44 ya waliokuwa wametumia dawa walipata dalili za tindikali, dhidi ya asilimia 15 ya wenzao. Hao walikuwa watu wenye afya njema, kwa hiyo moto wa wiki za kwanza baada ya kuacha hauthibitishi kwamba ugonjwa wako umezidi, wala kwamba umekuwa mtumwa.

Njia ambayo madaktari wengi huitumia ni kushuka ngazi kwa ngazi: kupunguza dozi kwa nusu, au kumeza siku moja na kuruka nyingine, kwa wiki mbili hadi nne, huku moto wa katikati ukizimwa kwa dawa ya kutuliza au ya aljineti, na huku saa ya chakula cha jioni ikilindwa kuliko wakati wowote. Mwongozo wa mwaka 2022 wa chama cha madaktari wa mfumo wa chakula cha Marekani unapendekeza wiki 8 za dawa mara moja kwa siku kabla ya kula, kisha kujaribu kuacha kwa aliyepata nafuu. Hata hivyo, wapo wasiopaswa kuacha: waliokutwa na vidonda vikubwa kwenye umio, waliokutwa na mabadiliko ya seli za umio yanayoitwa Barrett, na wanaolazimika kutumia aspirini au dawa za maumivu kwa muda mrefu huku wakiwa katika hatari ya kutokwa damu tumboni. Usiache kabla ya kujua kama wewe ni mmoja wa hao.

Na kama bado hujapima bakteria, kumbuka kwamba omeprazoli humficha. Kipimo cha choo au cha pumzi huhitaji uwe umekaa wiki 2 bila dawa hiyo na wiki 4 bila antibiotiki. Kile cha damu kinaweza kuendelea kusoma chanya muda mrefu baada ya kupona, kwa hiyo hakifai kuthibitisha kama dozi imefanya kazi.

Mchangiaji, Moshi

Nafanya kazi ya kutoa dawa, nami naomba kuongeza yale ninayoyaona mezani kwangu. Wateja wengi wanaoomba omeprazoli wana diklofenaki katika mfuko huohuo. Wanameza ya maumivu ya mgongo asubuhi na jioni, kisha wanatafuta ya kuzima moto iliouwasha. Kabla ya kuongeza dawa, tunapaswa kuuliza ipi inaweza kuondolewa. Amlodipini na nifedipini za presha hulegeza msuli ule, na aminofilini ya pumu pia. Hizi mgonjwa asiziache mwenyewe, bali amweleze daktari kwamba kiungulia kilianza baada ya kuandikiwa. Doksisaiklini, ambayo ni antibiotiki, ikimezwa kwa maji kidogo na mtu akalala papo hapo, hukwama na kuuchoma umio kiasi cha mtu kushindwa kumeza mate. Imezwe kwa glasi nzima ya maji, mtu akiwa ameketi au amesimama, na asilale kwa nusu saa.

La pili linawahusu ndugu zetu wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Kidonge kimoja chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri ndicho wanachopewa wengi sasa katika nchi zetu. Dawa za kutuliza tindikali zenye magnesiamu au alumini hushikana na dolutegraviri tumboni na kuizuia isinyonywe. Kidonge cha virusi kimezwe saa 2 kabla ya dawa hizo au saa 6 baada yake. Omeprazoli haina shida na dolutegraviri, lakini haipatani na rilpiviriini, na atazanaviri hudhoofishwa nayo. Nafahamu kwamba wengine huona haya kutaja dawa zao dukani, kwa hiyo nayaandika hapa wayasome kwa faragha. Mama wajawazito wanaopewa vidonge vya madini ya chuma kliniki nao wasivimeze pamoja na dawa za kutuliza tindikali, na anayetumia klopidogreli, dawa ya kuzuia damu isigande, baada ya tatizo la moyo amuulize daktari kabla ya kuchagua omeprazoli au esomeprazoli, kwa sababu hizi mbili hupunguza kazi ya klopidogreli.

La mwisho: maumivu ya kifua yanayobana, yanayokwenda mkono wa kushoto au taya, yenye jasho na kukosa pumzi, hasa kwa mwenye presha au kisukari, yasitibiwe kama kiungulia. Huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Mchangiaji, Mombasa

Assalaam aleikum. Mchango wangu ni kuhusu Ramadhani, kwa sababu ndicho kipindi ambacho kanuni ya nusu saa kabla ya chakula inatuchanganya wengi. Daktari wangu alinipa njia hii na imenifaa. Adhana ya Magharibi ikilia, nafungua kwa maji na tende moja, nameza dawa yangu papo hapo, kisha nakwenda kuswali. Nikirudi, nikatoa na muda kidogo wa dhikri, nusu saa imeshapita, ndipo nakaa kwenye futari. Anayeandikiwa mara mbili kwa siku anaamka mapema kidogo na kumeza ya pili kabla ya daku.

Tatizo kubwa ni futari yenyewe. Kaimati, sambusa, bajia, viazi vya kukaanga na samaki wa kupaka kwa tui la kasimile, vyote kwa mpigo mmoja, kisha tarawehe, kisha tunakula tena. Nyumbani kwetu tumekubaliana kwamba futari iwe uji, matunda, mihogo na mchuzi wa tui jepesi, na vya mafuta viwe kidogo, vya kuonja. Daku nimeichelewesha hadi karibu na alfajiri kama ilivyo sunna, lakini sirudi kulala chali baada yake. Nasubiri swala ya alfajiri, nasoma, kisha napumzika nikiwa nimeegemea. Kwa ambaye daktari amemwambia kwamba funga inamdhuru, ruhusa ya mgonjwa ipo wazi katika Kitabu, wala asione aibu kuichukua.

Mchangiaji, Iringa

Mbona hamjataja magadi? Bibi yangu alilamba kipande kidogo cha magadi kila alipowakwa na alipoa mara moja. Sisi wote tulifuata njia yake. Dawa za hospitali zina kemikali.

Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Dada wa Iringa, bibi hakukosea kuhusu alichokihisi. Magadi huizima tindikali kwa kukutana nayo, na nafuu huja mara moja, sawa na unga wa kuchanganya na maji unaouzwa madukani, ambao nao asili yake ni sodiamu baikaboneti. Nafuu hiyo ni fupi, haiponyi umio, na gesi inayotoka humfanya mtu abeue na kuipandisha tindikali iliyobaki. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni chumvi yake. Sodiamu ya kila siku hupandisha presha na kuuchosha moyo na figo, na wazee wetu wengi wana presha bila kujua. Tena magadi ya Kaskazini mwa Tanzania yana madini ya floridi kwa wingi. Katika maeneo ya Arusha na Kilimanjaro yamehusishwa na meno kubadilika rangi kuwa ya kahawia. Siyakatai katika kisamvu cha sikukuu. Nayakataa kama dawa ya kila siku.

Mchangiaji, Mwanza

Naomba kurudi kwa swali la mwisho. Kama nitaonekana kuwa miongoni mwa wasiopaswa kuacha, je, kumeza kwa miaka hakuharibu figo na mifupa?

Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Tafiti nyingi zilizotangaza madhara hayo ziliwatazama tu wanaotumia na wasiotumia, na wanaotumia kwa kawaida ni wagonjwa zaidi tangu mwanzo. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la watu zaidi ya 17,000 waliogawanywa kwa bahati kati ya pantoprazoli na kidonge kisicho na dawa, wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka 3. Tofauti iliyojitokeza wazi ilikuwa maambukizi ya utumbo: asilimia 1.4 kwa watumiaji na asilimia 1.0 kwa wengine. Miaka 3 si 20, kwa hiyo tahadhari inabaki: vitamini B12 na magnesiamu katika damu vipimwe kwa anayetumia muda mrefu, na dozi iwe ndogo kadiri inavyotosha.

Hayo maambukizi ya utumbo tusiyapuuze sisi. Tindikali ni mlinzi wa kwanza dhidi ya vijidudu vya maji machafu, na kipindupindu hutuzuru mara kwa mara masika yanapokolea. Anayetumia dawa hizi achemshe maji ya kunywa, aoshe matunda kwa maji safi, na asiinywe juisi ya barabarani ambayo hajui barafu yake imetoka wapi.

Mchangiaji, Kericho

Nimesoma uzi wote kwa sababu ya baba yangu, ambaye ana miaka 58. Alianza na kiungulia, tukamnunulia dawa za asidi. Sasa ni miezi kadhaa ugali unamkwama kifuani, anausukuma kwa maji, na tangu mwezi uliopita anakunywa uji tu. Amepungua mwili. Je, omeprazoli ya nusu saa kabla ya kula itamsaidia, au tumwongezee dozi?

Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Ndugu yangu, tafadhali msiongeze dozi na msisubiri dozi iliyopo iishe. Chakula kukwama, kwanza kigumu kisha laini, pamoja na kupungua mwili, ni dalili inayodai kipimo cha endoskopi upesi. Sisi wa upande huu wa Afrika tuna sababu ya kuichukulia kwa uzito kuliko wengine. Saratani ya umio ni nyingi katika ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, na huwapata hata vijana. Aina iliyo nyingi kwetu haitokani na kiungulia. Miongoni mwa mambo yanayohusishwa nayo ni tumbaku, pombe, na vinywaji vya moto sana. Mwaka 2016 wakala wa Umoja wa Mataifa wa utafiti wa saratani uliviweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 za sentigredi katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Sisemi kwamba ndicho alicho nacho mzee. Makovu ya tindikali nayo huubana umio, na hayo hupanuliwa. Ila hakuna awezaye kutofautisha kwa kusikiliza maelezo, na miezi ambayo mgonjwa hupewa dawa za gesi ndiyo miezi inayopotea.

Kwenu Kericho hamko mbali na Hospitali ya Tenwek huko Bomet, ambayo kwa miaka mingi imejulikana kwa kuwahudumia wagonjwa wa umio. Kwa wasomaji wa Tanzania, endoskopi hufanyika Muhimbili, KCMC na Bugando, na katika baadhi ya hospitali za mikoa. Vivyo hivyo kwa yeyote anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, au aliyepungukiwa damu bila sababu: aende sasa.

Mchangiaji, Kericho

Nashukuru sana. Nimeongea na kaka zangu na tumepata nafasi ya kipimo Jumatano. Je, tumwandae vipi?

Mchangiaji, Moshi

Asile kitu kwa angalau saa 6 kabla ya kipimo. Kwa kuwa chakula kinamkwama, waulizeni hospitali kama wanataka muda mrefu zaidi, pengine tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Bebeni dawa zake zote katika mfuko mmoja, pamoja na za maumivu na za kienyeji. Kama anatumia dawa ya kuyeyusha damu au ya kisukari, pigeni simu leo msisubiri Jumatano, maana ratiba yake ya kumeza inaweza kubadilishwa. Meno ya bandia yatolewe. Atapuliziwa dawa ya ganzi kooni, na pengine atachomwa sindano ya usingizi, kwa hiyo mmoja wenu awe naye wa kumrudisha nyumbani. Wakichukua kinyofu cha nyama kwa ajili ya maabara, ulizeni palepale majibu yatatoka lini na yatachukuliwa wapi, na andikeni.

Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Na hadi Jumatano apewe uji mwembamba, maziwa na supu iliyochujwa, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, akiwa ameketi wima, vyote viwe vuguvugu. Akishindwa kumeza hata maji au mate, msisubiri siku ya miadi. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.